Mkono Hadi Kiwiko

Kununua omena, dagaa wetu wa ziwani, ni kazi ya mkono. Mwenye gunia atakuonyesha ile ya juu, nyeupe, inayong'aa kama sindano mpya, na ukiwa mgeni utatoa pesa hapo hapo. Sisi wa Takawiri, ya juu hatuna haja nayo. Unakunja nguo, unazamisha mkono hadi kiwiko, unachota konzi ya katikati na kuiminya. Ikiwa na unyevu itavunda kabla ya kufika Kisumu. Kisha unatia moja mdomoni. Iliyoanikwa mchangani badala ya kwenye nyavu utaijua kwa jino, hata ipepetwe vipi.

Miaka kumi na saba nimefanya kazi hiyo, na gunia la kununua kwa macho sijui. Lakini neno nililoambiwa limetoka kwa Mungu nililinunua kwa macho, nikashika la juu nikaenda nalo nyumbani, na nusura linizike.

Kisiwa chetu ni kidogo, kati ya Rusinga na Mfangano, na unabii kwetu haukuja na boti ya jana. Legio Maria ilianza pande hizi za kusini mwa Nyanza miaka ya 1960, na hadi leo mahujaji wanapanda Got Kwer, kule Migori, alikozikwa Simeo Ondetto mwaka 1991. Waadventista wako nasi tangu 1906, Carscallen na Peter Nyambo walipofika Gendia. Kwenye boma moja utamkuta nyanya anayeota ndoto na mjukuu anayesoma lesoni ya Sabato, na chungu chao ni kimoja. Simcheki yeyote. Nataka tu uelewe kwamba mtu akisimama ufukweni akasema Roho amemwonyesha jambo, hakuna anayeshtuka. Na hakuna anayeuliza, maana kuuliza kunafanana sana na kukosa imani.

Mwaka 2018 nilikuwa mjane wa miaka minne, na mwaka wa sita nikimeza dawa za virusi vya UKIMWI. Sifichi. Kaunti yetu ya Homa Bay kwa miaka mingi imekuwa juu kabisa katika hesabu za maambukizi nchini, na ufukweni hakuna familia isiyokijua kidonge hicho. Changu kilikuwa kimefanya kazi yake: virusi vilishuka mpaka kipimo hakivioni, nami nilibeba gunia kama kijana.

Ndipo akaja mhubiri kutoka bara, na spika zake na jenereta yake. Wiki alijua kuichagua. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala, na watu wote wako nyumbani hawana la kufanya. Siku moja kabla ya krusedi, kijana fulani alikuwa amekaa nasi tukigeuza omena kwenye nyavu. Alitununulia chai na mandazi. Akauliza ile nyumba ya mabati mekundu ni ya nani, na kwa nini yule mama anafanya kazi peke yake. Maswali ya kawaida tu, na mandazi yalikuwa ya moto.

Kesho yake jioni mhubiri akafumba macho. Akasema kuna mama hapa, mjane, anaishi kwenye mabati mekundu, na kila usiku saa tatu kuna kitu anakimeza kwa siri.

Nilianguka chini. Leo nacheka nikikumbuka, kwa sababu saa tatu usiku Takawiri simu hulia nyumba hata nyumba, kila mtu na mlio wake wa kumkumbusha dawa. Angesema saa tatu mbele ya umati wowote wa pande hizi, angepata wake. Na yule kijana wa mandazi ndiye aliyeshika kapu la sadaka. Nilimwona vizuri kabisa. Nikasema moyoni, kumbe ameokoka, sifa kwa Bwana.

Nikapanda mbegu: mapato yangu yote ya msimu mmoja wa giza, nikayatuma kwa M-Pesa nikiwa bado nimepiga magoti. Nikaambiwa nimepona, na kwamba kumeza tena ni kumwambia Mungu kazi yake hakuimaliza. Kopo nikalitupa ziwani. Kengele ya simu nikaizima.

Wiki za kwanza nilijisikia vizuri kuliko kawaida, nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kwa hiyo huu unaousoma ni wa pili, na umekuja kuusahihisha ule wa kwanza. Ule ulipigiwa vigelegele. Mwanamke mmoja aliyeusikia naye akaacha dawa. Alirudi kliniki kabla yangu, na tukikutana sokoni husalimiana vizuri tu, lakini mimi ndiye ninayeangalia chini.

Mwezi wa tano nikapelekwa Mbita ndani ya boti, nimefungwa blanketi, kifua kikuu kimenimaliza. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza kidonge cha mwisho nilikimeza lini, akaandika, akageuka kutafuta mshipa.

Nilipopata nguvu nilimwendea Dani, mama mzee wa kanisa letu. Kusoma hajui, ila Muma Maler, Biblia yetu ya Kidholuo, ameibeba kichwani karibu yote. Nilitaka anilaani yule mhubiri. Yeye akawa anamenya mihogo.

"Alijua ugonjwa wako," akasema. "Majina ya watoto wako aliyajua?"

"La, Dani."

"Aliyauliza?"

Nikanyamaza. Ndipo akanisimulia habari iliyo katika Wafalme wa Kwanza, sura ya kumi na tatu, ambayo katika maisha yangu yote ya kanisani sijawahi kusikia ikihubiriwa. Mtu wa Mungu ametumwa kutoka Yuda, ameagizwa asile wala kunywa huko aendako. Mfalme anamwalika, anakataa. Kisha anatokea nabii mzee, mwenye mvi, anamwambia mimi pia ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule. Alikuwa anadanganya. Yule mtu akarudi, akala, na njiani simba akamuua. "Alimshinda mfalme," Dani akasema, "akashindwa na mwenzake wa kanisa. Alikuwa na neno lake mwenyewe mkononi, akaliacha kwa sababu mwingine alitaja malaika."

Nami nilikuwa na langu. Miaka sita ya afya ilikuwa mkononi mwangu. Ni nani aliyekuwa ameniponya siku zote hizo, kidonge kwa kidonge?

Mwaka 2023, mwezi wa nne, redio ikaanza kutuletea habari za Shakahola, kule Kilifi: wafuasi wa Paul Mackenzie waliofunga hadi kufa wakitazamia kumwona Yesu, na miili iliyofukuliwa ikapita mia nne. Ilikuwa kipindi cha kufungwa uvuvi wa omena, hatuna kazi, tumekaa tu tunasikiliza. Wanawake wenzangu wakasema, wajinga wale, mtu mzima atakubalije kuambiwa asile. Mimi sikuchangia. Najua atakubalije. Hakuna anayeanza na kufa njaa. Unaanza na jambo dogo, kuzima kengele ya simu, na ukishatii hilo unaona aibu kukataa linalofuata.

Tangu hapo nikawa mkali, na ukali huo watu waliuita hekima. Mtu akisema Bwana ameniambia, nauliza kwa namba gani. Wahubiri vijana walikuwa wakiniona wanashusha sauti. Dani peke yake hakufurahi. Alinikumbusha kwamba Paulo alipowaandikia Wathesalonike wapime kila kitu, hakuishia kwenye kupima. Aliwataka walishike lililo jema. "Wewe unazamisha mkono kwenye gunia," akasema, "lakini siku hizi hununui kitu."

Ilinichoma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mfanyabiashara anayekataa kila gunia anafunga duka kama yule anayenunua kila gunia.

Mwaka uliopita kijana mmoja wa kwaya, mwenye kigugumizi, alinifuata baada ya ibada. Alihangaika na maneno yake hadi nikataka kuondoka. Akasema ameombea jina langu wiki nzima na kila mara anamwona mama mzee amekaa mlangoni peke yake, hajui ni nani, na huenda amekosea, nimsamehe.

Jibu langu la namba gani lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

Mama mkwe wangu anaishi Mfangano. Tangu mazishi ya mwanawe hatukuwa tumesemezana, kwa sababu ya ng'ombe wawili na maneno yaliyotamkwa mbele ya jeneza. Nililizamishia mkono neno la yule kijana hadi kiwiko. Pesa hakuomba. Siku hakunipangia. Alikubali kwamba anaweza kuwa amekosea, jambo ambalo yule wa spika hakulisema hata mara moja. Nilimwuliza Dani, akacheka tu. Nikasoma tena pale Mathayo anaposimulia Yesu akimwambia mtu aache sadaka yake madhabahuni aende kwanza kupatana na ndugu yake, na nikagundua kwamba hapo nimekuwa nikipapita haraka kwa miaka kumi. Nikangoja wiki mbili nione kama litafifia. Halikufifia. Na kilichonishawishi zaidi ya vyote, nakiri, ni kwamba sikulitaka. Lile la kwanza nilikuwa nimelitaka mno.

Basi nikapanda boti asubuhi na kidebe cha omena, ile nzuri, niliyoichagua mwenyewe. Nilimkuta amekaa mlangoni. Sikushangaa sana, wazee hukaa milangoni. Nikasema, "Mama, nimekuja." Alinitazama muda mrefu, akasogeza mguu ili nipite, lakini sikupita, nikakaa chini pale pale na kuweka kidebe kati yetu.

Hakuangalia ya juu. Alikunja mkono wa gauni, akauzamisha mpaka chini, akachota, akaminya, akatia moja mdomoni. Akatafuna taratibu. Kisha akageuka kando akatema.

"Ina mchanga hii, nyathina, mwanangu," akasema, na kuniletea ungo.