Kiduha: andika kabla ya kulalamika

Ndugu zangu wa Misigiri, nimechoka kuandika kwenye ripoti kwamba "mtama umeharibika". Mtafiti akisoma hivyo atapanga nini? Ni ukame, ndege au kiduha? Mbegu za Hakika na Wahi, zinazostahimili kiduha, ziliidhinishwa nchini mwaka 2002 baada ya majaribio yaliyofika hadi mashambani kwa wakulima. Basi andika kwenye daftari: mbegu gani, ulipanda lini, kiduha kilitokeza lini, umevuna madebe mangapi kwa ekari. Shamba lililopona nalo liandike. Mimi hilo ndilo nalitafuta zaidi. Wauza mbegu, ipi inaulizwa na hamna? Mwenye daftari anipitie kabla ya mvua, niwapelekee TARI Hombolo wakiwa bado wanapanga majaribio.