Chama Hakichimbi Kaburi

Katika kijiji nilichozaliwa, kisiwani Pemba, palikuwa na miaka ambayo mtu akifariki watu waliuliza kwanza alikuwa wa chama gani, ndipo wakaamua waende maziko au wabaki majumbani mwao. Tulikuwa na maduka mawili yaliyotazamana, na mwenye kununua mafuta ya taa katika hili hakuthubutu kuonekana katika lile. Wazanzibari wa rika langu wanayajua hayo. Vijana waliozaliwa baada ya 2010 huyasikia kama ngano. Kwa ajili yao naandika, na kwa ajili ya wazazi wenzangu wenye watoto wa kuoza na kuozesha.

Mgawanyiko ule haukuanza na vyama vya leo. Wazee wetu wanapotaja “zama za siasa” huwa wanakusudia miaka ya 1957 hadi 1964. Januari 1961 viligombewa viti 22: ASP kikapata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, kila upande ukabaki na viti 11, na serikali ikashindikana kuundwa. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huohuo, ghasia zilizofuata ziliua watu 68. Kisha Julai 1963 ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31, na muungano wa ZNP na ZPPP wenye viti 18 ndio uliounda serikali. Hesabu hiyo haina muujiza. Katika mfumo wa majimbo, kura zikirundikana mahali pamoja huzaa kiti kimoja tu, hata zikiwa nyingi namna gani, na zikitawanyika vizuri huzaa viti vingi. Sheria ya uchaguzi ilifuatwa, lakini walio wengi wakabaki nje ya mlango. Miezi michache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi.

Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mwaka 1980 ikapata Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1984 Katiba mpya. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, jeraha la zamani lilikuwa halijapona. Uchaguzi wa 1995 uliipa CCM viti 26 vya majimbo na CUF viti 24. Katika urais, tofauti iliyotangazwa ilikuwa kura 1,565. Nchi ilikuwa imegawanyika karibu katikati kabisa, lakini utaratibu uliokuwapo ulimpa mshindi vyote na aliyeshindwa hakuambulia kitu.

Msomaji aliyekulia katika mji mkubwa huenda asitambue uzito wa jambo hilo. Katika visiwa vidogo, serikali ndiyo mwajiri mkubwa, ndiyo skuli, ndiyo hospitali, na ndiyo sheha anayekuandikia barua. Upande mmoja unapohisi kuwa umefungiwa nje, hauhisi kwamba umekosa viti vya Barazani tu. Unahisi kwamba umekosa nchi.

Ndivyo siasa ilivyoingia hadi chumbani. Shangazi yangu, mke wa miaka 14 na mama wa watoto watano, aliachwa kwa sababu alikwenda kusikiliza mkutano wa chama ambacho mumewe hakukipenda. Hapakuwa na kosa jingine lililotajwa. Alirudi kwa babu yangu na sanduku moja na mtoto mchanga, na wale wanne wakubwa wakabaki kwa baba yao. Kwa miaka kadhaa ndugu wa tumbo moja walikuwa wakikutana njiani, wakasalimiana kwa macho, kila mmoja akashika njia yake. Wagombea waliohutubia siku ile hawakupata kujua kwamba nyumba ile imevunjika.

Mwisho wa Januari 2001, maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000 yaliishia katika vifo, na watu wa kwetu wakavuka bahari kwa vyombo vidogo hadi Shimoni, Kenya. Mapatano mawili yaliyoitwa muafaka, la 1999 na la 2001, hayakufika mbali. Mlango ulifunguka Novemba 2009, pale Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana na kuzungumza. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa katika kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakajibu ndiyo.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Rais anatoka katika chama kilichoshinda. Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka katika chama cha pili, naye ni mshauri mkuu wa Rais. Makamu wa Pili anatoka katika chama cha Rais, na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali Barazani. Wizara hugawanywa kwa kadiri ya viti ambavyo kila chama kimepata. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulikuwa wa kukaribiana kama ule wa 1995: tofauti ya kura 3,471, na majimbo 28 kwa 22. Safari hii, hata hivyo, aliyeshindwa alikuwa na mahali pa kukaa.

Kijijini kwetu sikuyaona mabadiliko hayo katika wizara. Niliyaona kwenye khitma. Wanaume waliokuwa hawajakaa mkeka mmoja tangu 1995 walikula sinia moja, na mmoja wa watoto wale wanne wa shangazi yangu, sasa mtu mzima mwenye ndevu, akaja kumbusu mama yake mkono mbele ya watu wote.

Haitakuwa haki nikisimulia utamu peke yake. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF kikasusia ule wa marudio wa Machi 2016, na kwa kuwa hapakuwa na mgombea mwingine aliyefika asilimia 10 ya kura, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu kwa miaka yote iliyofuata. Baada ya uchaguzi wa 2020, nao uliokuwa na malalamiko na machungu yake, Maalim Seif alikubali kukikalia tena, akiwa sasa katika ACT-Wazalendo. Alifariki Februari 2021, na Othman Masoud Othman akashika nafasi yake. Katiba, basi, inaweza kuweka kiti, lakini haiwezi kumlazimisha mtu akikalie wala kumlazimisha mwingine amkaribishe. Pia wapo wanaouliza swali ambalo sioni vyema kulipuuza: vyama vyote vikishakuwa ndani ya serikali, ni nani Barazani atakayeihoji?

Mimi sina jibu la kisheria kwa hayo. Nina jibu la kinyumbani, nalo nililipata ilipoletwa posa ya binti yangu. Waposaji walitoka katika familia ambayo kijiji kizima kilijua bendera yake. Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, aliisoma barua, akaikunja, akaniuliza: “Tutakaa vipi baraza moja na watu wale?” Nikamjibu kwa adabu: “Ami, tuulize tunayopaswa kuyauliza. Swala yake ikoje? Tabia yake? Ataweza kumlisha mke?” Yote yalikuwa na majibu mazuri. Aliomba wiki moja. Aliporudi alikuwa na sharti moja tu: siku ya harusi asionekane mtu kavaa sare ya chama, wa kwetu wala wa kwao. Nilicheka, nikalikubali. Katika katiba zote nilizozisoma, hiyo ndiyo fupi kuliko zote, na haijavunjwa mpaka leo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wanangu mambo mawili. La kwanza, wapige kura bila hofu na bila kuona haya, maana mwenye kuacha kuchagua huchaguliwa. Hasira yao waielekeze panapostahili: wamuulize mwakilishi wa jimbo kwa nini mfereji hautoi maji na kwa nini skuli haina walimu wa sayansi, na wamuulize hata akiwa wa chama wanachokipenda. Jirani hana wizara. La pili, kadi ya chama haimo katika orodha ya mambo yanayovunja ndoa, yanayokata undugu au yanayomnyima maiti wa kumzika. Chama hakichimbi kaburi. Wanaochimba ni watu wa mtaani kwako.

Ndugu msomaji, kampeni zikikaribia sote huanza kuhesabu nani ni wetu na nani si wetu. Kabla ya bendera hazijapanda, mchukue mtoto wako mwende mkamjulie hali yule jamaa mliyehasimiana naye uchaguzi uliopita. Nenda na sahani ya chochote kilichopikwa nyumbani siku hiyo, na ukifika usizungumze siasa. Muulize mguu wake unaendeleaje.