Sauti za Wazee Zilizosafiri Kutoka Lindi



Ukifika Kilwa Masoko, shuka mpaka pwani. Ng'ambo ya maji utaona Kilwa Kisiwani. Panda mashua uvuke. Huko utaona Msikiti Mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, akausifu mji. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta hizo unaweza kuzigusa kwa mkono. Lakini jiulize: mafundi waliozijenga waliimba nini wakiwa kazini? Mama zao waliwabembeleza kwa wimbo gani? Hakuna ajuaye. Jiwe hukaa. Wimbo huenda na upepo, kama hakuna aliyeushika.

Leo tusafiri kutoka pwani hii tufuate nyimbo zilizoshikwa. Zilishikwa mwaka 1906, na sasa ziko mbali sana na kwao.

MGENI AFIKA LINDI

Mwaka huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Mtaalamu mmoja, Karl Weule, alitoka katika makumbusho ya mji wa Leipzig, Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maisha na mila za watu. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi. Huko kulikuwa na ghasia, kwa hiyo akageukia kusini. Akashuka katika bandari ya Lindi.

Kumbuka hali ya wakati ule. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Kilwa. Vikaenea mpaka Liwale, Lindi na Masasi. Watu wengi waliuawa. Mashamba na vyakula vilichomwa, na njaa ikaua wengine wengi zaidi. Basi mgeni huyu aliingia katika nchi yenye majeraha. Tena alifuatana na askari wa serikali. Mtu akiombwa kuimba na mgeni mwenye askari, si rahisi kukataa.

Kutoka Lindi, Weule na wapagazi wake walikwenda kwa miguu kufuata bonde la mto Lukuledi. Ukisafiri leo kwa basi utapita upande huo huo: Mtama, Nyangao, Ndanda, mpaka Masasi. Safari ya siku nyingi sasa ni ya saa chache. Kutoka Masasi alikwenda Chingulungulu, kisha akapanda Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Alikaa kijiji kimoja kwa wiki kadhaa, ndipo akaenda kingine. Mwezi wa Novemba alirudi pwani.

STUDIO ILIYOBEBWA KICHWANI

Siku hizi mwimbaji akitaka kurekodi huenda studio. Mwaka 1906 studio ndiyo iliyokwenda kijijini, juu ya kichwa cha mpagazi. Ilikuwa mashine iitwayo fonografu. Thomas Edison wa Marekani ndiye aliyeitengeneza, mwaka 1877.

Mashine hii haikutaka umeme. Ilizungushwa kwa springi, kama saa ya kutiwa ufunguo. Mbele ilikuwa na pembe pana. Nyuma ya pembe kulikuwa na kiwambo chembamba chenye sindano. Sindano iligusa gogo dogo la nta, lenye ukubwa kama mkebe. Mtu akiimba ndani ya pembe, kiwambo kilitikisika. Sindano nayo ikatikisika, ikachora mfereji mwembamba katika nta. Sindano ikipitishwa tena katika mfereji ule, sauti ilirudi.

Kazi hiyo ilikuwa na taabu zake. Gogo moja lilijaa kwa dakika mbili au tatu tu. Mwimbaji akigeuza kichwa, sauti ilipotea. Na jua letu unalijua: nta ikipata joto hulainika.

Hata hivyo nyimbo zilinaswa. Wayao waliimba. Wamakua na Wamakonde waliimba. Wapagazi Wanyamwezi nao waliimba nyimbo zao za safari. Katika waimbaji alikuwapo kipofu mmoja Myao, jina lake Sulila. Jina lake tunalijua kwa sababu liliandikwa kitabuni. Waimbaji wengi hawakuandikwa majina. Sauti imebaki, mwenyewe hajulikani.

SAFARI YA NTA

Magogo yale ya nta yalipelekwa Berlin, katika nyumba ya kuhifadhi sauti iliyoanzishwa mwaka 1900. Huko mafundi walitengeneza kalibu za shaba ili waweze kutoa nakala. Kazi hiyo iliharibu nta ya kwanza, lakini shaba haiyeyuki kwa jua.

Katika Vita Kuu ya Pili hazina ya nyumba ile ilihamishwa isipigwe mabomu. Baada ya vita Warusi waliichukua mpaka Leningrad. Baadaye ikarudishwa Berlin ya Mashariki. Mwaka 1991, baada ya Ujerumani kuungana, ilirudi mahali pake. Mwaka 1999 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia.

Tazama, ndugu msomaji. Nyimbo za mababu zetu zinatunzwa vizuri, lakini mjukuu wao aliye Chingulungulu hajazizoea sikioni. Wimbo umehifadhiwa kwa mgeni, nyumbani umesahauliwa. Je, hiyo ndiyo hifadhi tunayoitaka?

NA SISI TUFANYE NINI?

Sisi wenyewe tumewahi kuanza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliingia vijijini. Walikusanya maneno ya wazee walioviona Vita vya Maji Maji. Miaka 63 ilikuwa imepita tangu vita kuanza. Leo wazee wale hawapo tena. Wanafunzi wangechelewa miaka ishirini, wengi wasingewakuta. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi bendi na ngoma nyingi katika kanda.

Leo huhitaji mpagazi wala nta. Simu nyingi za mkononi hunasa sauti. Na kama huna simu, unayo kalamu, nawe sasa unajua kuandika. Fanya hivi:

1. Mwombe mzee ruhusa kwanza. Asipotaka, mwache.
2. Andika jina lake, kijiji chake na tarehe.
3. Uliza wimbo huimbwa lini, na maana yake nini.
4. Mrudishie asikilize, au umsomee ulichoandika.
5. Weka nakala zaidi ya moja, na moja ibaki kijijini.

Usisubiri mgeni aje na pembe yake. Mzee wako yupo barazani leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wimbo hupotea upesi kuliko jengo?
2. Je, waimbaji wa mwaka 1906 walikuwa huru kukataa?
3. Ni mzee gani kijijini kwenu ajuaye nyimbo za zamani? Nani atakwenda kumwona wiki hii?