Robo kilo na pakiti ya kilo mbili: kisa changu na LVM

Leo nawapa kisa kilichonikuta mwaka 2018, ili nyinyi kisiwakute.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita kwa kuwa seva yao ya Linux ilikuwa imejaa. Rekodi za wanachama zilikaa kwenye volyumu moja ya LVM, yenye mfumo wa faili wa XFS. Kwa asiyejua, LVM huchukua diski kadhaa, huzigawa vipande (kwa kawaida vya megabaiti 4), kisha hukupa diski moja ya kufikirika unayoweza kuikuza. Kazi ya nusu saa, nikajisemea.

Ijumaa jioni nikazima hifadhidata, nikafunga mfumo wa faili, nikachomeka diski mpya. Nikaandika pvcreate, vgextend, lvextend. Hakuna aliyelalamika. Nilipojaribu kufungua mfumo wa faili, ukakataa katakata! Kerneli ikasema diski hii inatumia sekta za baiti 4096, si 512.

Mhasibu, mama aliyekuwa akisubiri kufunga ofisi, akaniuliza, "Kijana, rekodi zetu zipo?"

"Zipo, mama," nikajibu, ila jasho lilikuwa likinitoka. Nakala ya mwisho ya akiba ilikuwa ya wiki mbili nyuma, nami sikuwa nimeuliza kabla ya kuanza.

Shida ilikuwa nini? Fikiria duka linalopima sukari hata robo kilo, na duka la jumla linalouza pakiti za kilo mbili tu. Ukiyaunganisha yawe duka moja lenye mlango mmoja, huwezi tena kumwahidi mteja robo, kwani hujui atahudumiwa upande gani. Diski ya zamani ilikubali ombi dogo la baiti 512. Mpya ilitaka 4096, yaani mara nane. Kerneli inapozipanga pamoja, kwa ombi dogo kabisa hufuata diski yenye kipimo kikubwa, na kwa ombi kubwa kabisa hufuata ile yenye uwezo mdogo. Kwa njia hiyo hakuna diski inayopewa kazi isiyoiweza. Lakini XFS yangu ilitengenezwa ikihesabu kwa robo, na hesabu hiyo haibadilishwi baadaye.

Basi data haikuwa imeguswa; mlango tu ndio uliobadilika. Kwa bahati nilikuwa sijakuza mfumo wa faili wenyewe, kwa hiyo kipande kipya kilikuwa kitupu. LVM huweka kumbukumbu za mpangilio wa awali ndani ya /etc/lvm/archive. Nikasoma humo idadi kamili ya vipande, nikahesabu mara tatu, nikairudisha volyumu hapo kwa lvreduce, nikaiondoa diski mpya kwa vgreduce. Nikaizima volyumu na kuiwasha tena. Ikafunguka! Mama akahesabu faili za mwezi ule moja moja kabla ya kuniruhusu niondoke.

Jumamosi nikaunda kundi la pili kwa diski mpya peke yake, na XFS mpya ya sekta 4096, kisha nikanakili kila kitu. Diski ya zamani ikawa ya akiba.

Tangu 2019 LVM imewekewa kizuizi: kwa kawaida hukataa kuchanganya diski za vipimo tofauti, mpaka wewe mwenyewe ubadilishe mipangilio. Lakini seva kuukuu bado zipo nyingi maofisini. Kabla ya vgextend, andika lsblk -t utazame safu ya LOG-SEC. Namba zisipolingana, simama hapo hapo. Na kabla ya hilo, uliza nakala ya akiba ni ya lini.

Haya, tukutane wakati mwingine.