Katika Bonde la Wafu wakati wa theluji

Ndugu zetu wa upande wa Beni wamepata kuiona theluji ya Ruwenzori iking'aa asubuhi, mbali juu ya mawingu. Aitazamaye toka chini huona uzuri tu. Nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo, hata siku tuliposafiri katika milima ya Alpi, mpakani mwa Uswisi na Italia.

Huko, kwenye mwanya wa mlima uitwao Grand-Saint-Bernard, penye kimo cha meta 2,469, pana nyumba ya wageni iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernardo yapata mwaka 1050. Mapadre wa shirika lake wangali wakikaa humo majira yote. Zamani walitoka na mbwa wao kuwatafuta wasafiri waliopotea. Mbwa mmoja, jina lake Barry, aliyeishi tangu 1800 hata 1814, yasemekana aliokoa watu zaidi ya 40. Tangu 1964 magari hupita chini ya mlima katika tuneli. Lakini wakati wa baridi, atakaye kufika kwa Mapadre sharti apande kwa miguu, amevaa mbao za kutelezea au viatu vipana vya theluji. Njia hupita katika bonde jembamba liitwalo Combe des Morts, maana yake Bonde la Wafu.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa safi. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili, na upepo ulikuwa umevuma usiku kucha. Sisi tulitamani kuondoka mara moja. Mwongozi wetu, mzee wa kijijini, alisoma kwanza tangazo la hatari ya maporomoko, ambalo wataalamu wa Davos hulitoa kila siku wakati wa baridi. Hatari hupimwa tangu 1 hata 5. Siku ile ilikuwa 3.

"Mzee, 3 si katikati tu?" akauliza kijana mmoja wetu.

"Mwanangu, siku ya 5 watu hukaa nyumbani. Siku ya 3 huua wengi, kwa sababu wengi hutoka."

Tulikwenda mpaka penye mlango wa bonde, mahali tambarare. Hapo akatuonyesha alama. Upepo ulikuwa umeizoa theluji ya upande mmoja na kuirundika upande wa pili, juu ya mteremko mkali kupita nyuzi 30. Miteremko ya namna hiyo ndiyo iporomokayo. Kisha akachimba shimo kwa sepetu. Juu palikuwa na tabaka gumu. Chini yake punje zisizoshikana, kama sukari. Weka ubao juu ya mtama uliomwagwa sakafuni, kisha ukanyage: ndivyo theluji ile inavyoteleza.

Tulipopiga hatua nyingine, tulisikia mlio mzito chini ya miguu, na ufa ukakimbia mbele yetu.

"Turudi," akasema mzee.

Kila mmoja wetu alikuwa na chombo kidogo cha kupeleka ishara, fimbo ndefu ya kupimia, na sepetu. Lakini mzee alitueleza kwamba aliyefunikwa na theluji, dakika 10 zikipita, matumaini ya kumpata hai hupungua upesi. Tena akasema: katika ajali za kufisha, mara tisa kati ya kumi, maporomoko huanzishwa na yule yule aliyefunikwa, au na mwenzake. Kwa hiyo uokovu wa kwanza ni kutoukanyaga mteremko.

Tulirudi kijijini tumenuna. Tulikaa siku tatu, mpaka theluji iliposhikana na tangazo likashuka hata 2. Ndipo tukapanda, mmoja mmoja, tukiachana nafasi, bila kusimama chini ya mteremko ule. Ulikuwa bado vile vile.

"Mzee," akasema kijana, "haukuanguka."

"Naam. Na sisi tupo."

Saa tisa tulifika kwenye nyumba ya Mtakatifu Bernardo. Padre alitupokea mlangoni, akatutia chai ya moto, kisha akatuhesabu.