Kazi ya Mikono Wakati wa Msiba

Mtu akifiwa au akipatwa na shida kubwa, majirani huja wakamwambia, "Pole, jikaze." Neno hilo ni jema, walakini halimwambii ashike nini ili apate kujikaza. Kwa desturi ya kazi yangu ya ualimu, naona nasaha isiyoonyesha la kufanya ni kama hesabu iliyoandikwa ubaoni pasipo tarakimu. Kwa hiyo nataka kueleza habari za vitu vitatu vilivyoshikwa nyumbani mwetu katika mwaka wa 2020, yaani uzi, kitabu, na daftari. Sitavisifu kupita kadiri yake.

Wasomaji walio Kenya hawakuusahau mwaka ule. Tarehe 15 Machi amri ilitolewa kwamba shule zifungwe kwa ajili ya maradhi ya korona, wala wanafunzi wote hawakurudi pamoja hata tarehe 4 Januari 2021. Sisi walimu wa shule zinazotegemea karo tulikaa miezi mingi bila mshahara, kwa kuwa pasipo mwanafunzi hapana karo. Jambo hilo lilikuwa zito, lakini lilikuwa letu sote, na wazee walikwisha sema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Langu mwenyewe lilikuwa jingine. Dada yangu mkubwa alikuwa Mombasa, mgonjwa wa figo, akienda hospitali mara mbili kila juma kusafishwa damu. Sisi tuko Taita, milimani. Tangu tarehe 8 Aprili njia za kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, na mwezi wa Mei dada akafa kabla sijamwona. Aliletwa nyumbani kwa kibali, nasi tukamzika watu 15 tu, kama ilivyoagizwa siku zile, kila mmoja amesimama mbali na mwenziwe. Aliyeshuka garini pamoja na jeneza alikuwa binti yake wa miaka 12, naye tangu siku ile ni mwanangu.

Mtoto yule hakulia, wala hakusema ila kwa lazima. Nikimwuliza, "Umekula?" hujibu, "Ndiyo, mama mdogo," kisha akanyamaza hata jioni.

Mwezi wa Juni milima yetu hufunikwa na ukungu, na baridi yake si ya mchezo kwa mtoto aliyezaliwa pwani. Alihitaji sweta. Uzi ulikuwa wauzwa Voi, lakini nauli ilikuwa imepanda, maana magari yalilazimishwa kuacha viti vingine vitupu. Basi nikatoa sandukuni sweta kuukuu la shule, rangi ya damu ya mzee, nikaazimia kulifumua.

Kufumua ni kazi yenye adabu yake. Kwanza wakata nyuzi zilizounga pande za nguo, ukiangalia sana usikate uzi wenyewe. Kisha watafuta ncha ya mwisho, wavuta, na safu moja baada ya nyingine yalegea na kuja mikononi. Uzi utokao humo umejikunja kama nywele. Sharti uuzungushe uwe kicha, ukifunge kicha mahali panne usije ukatatana, ukioshe kwa maji ya vuguvugu na kukitundika pamoja na kijiwe ili kinyooke. Uzi wa manyoya ya kondoo hunyooka vizuri. Ule wa kiwandani, uliofanywa kwa mafuta ya petroli, hunyooka kidogo tu. Wetu ulikuwa wa namna hii ya pili, ukabaki na mawimbi yake.

Sasa, ili kuzungusha kicha wahitajiwa watu wawili, au mtu mmoja na kigoda kilichopinduliwa. Kigoda tulikuwa nacho, lakini nilimwita mtoto. Akakaa mbele yangu ameinyosha mikono miwili, nami nikauzungusha uzi juu yake. Watu wawili wakikaa hivyo hutazamana pasipo haja ya kusema, wala hakuna awezaye kuondoka kabla uzi haujakwisha. Nadhani tulikaa nusu saa. Ndipo akaniuliza neno lake la kwanza lisilo la lazima, "Mama alijua kufuma?" Nikamwambia, "Alijua sana, ila alikuwa mvivu wa kumaliza. Kila sweta lake lilikuwa na mkono mmoja." Akacheka, kisha akalia, na mikono yake hakuishusha, kwa kuwa ilikuwa imefungwa na uzi.

Baadaye nilimfundisha. Mimi nalikuwa na sindano zangu za kufumia. Yeye alitumia spoku mbili za baiskeli zilizosuguliwa juu ya jiwe hata zikawa na ncha. Spoku ni nyembamba, na nguo itokayo kwazo huwa imekazana kama mkeka, lakini zafaa. Tulianza na vitanzi 40. Tabia ya kufuma ni kwamba hesabu haikubali kudanganywa. Mawazo yakienda makaburini, kitanzi kimoja huponyoka, na mara pana ngazi iliyoshuka hata chini ya nguo. Basi sharti urudi ulipo, ukiokote, uanze tena kuhesabu. Watu wengine husema kazi hii yafaa kwa kuwa yasahaulisha. Si kweli, wala mimi sitaki kusahau. Yafaa kwa kuwa yaruhusu huzuni ije na kuondoka, na ikisha kuondoka wakuta safu tatu zimeongezeka. (Wako waliotucheka kwamba twacheza na uzi hali unga umekwisha. Ni kweli kwamba unga ulikuwa umekwisha. Tulipokaa bure haukuongezeka.)

Habari ya vitabu nitaieleza kwa ufupi, maana kitabu kilichelewa kutusaidia. Kwa majuma mengi macho yangu yalipita juu ya maneno na moyo ukabaki pale pale. Hata Maandiko niliyasoma kwa mazoea tu. Lakini mahali pamoja palinisimamisha: Mtume Paulo, akiwa kifungoni na kufa kwake kukikaribia, amwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu vyake. Nilikuwa nimepasoma mara nyingi kama maneno ya njiani tu. Mwaka ule nilimwona mzee anayesikia baridi na anayetaka kusoma.

Kitabu tulichosoma kwa sauti, mimi na mtoto, kilikuwa utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, aliyeutunga yapata mwaka wa 1858 katika nchi ya Lamu na Pate. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi, apate kumwachia mashauri. Nilisita kumpa mtoto habari za mama mgonjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka tuendelee. Kiamu chake kilitupa kazi, beti tano au sita kila jioni, na shauri lake la mke kumtii mumewe lilimfanya binti huyu aulize maswali ambayo sikuwa na haraka ya kuyajibu. Usiku mmoja akasema, "Huyu alibahatika, mama yake alipata nafasi ya kusema." Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimpa daftari.

Mimi nalikuwa nimekwisha kuanza langu tangu Machi. Mwalimu aliyezoea kuita majina kila asubuhi hupata taabu asubuhi isiyo na jina la kuita, kwa hiyo nikaanza kuandika siku yenyewe: tarehe, hali ya anga, kazi iliyofanyika, na jambo moja lililouma. Sikuzidisha mistari minne. Mwezi wa Septemba nilirudi kusoma kurasa za Juni, ambao katika fikira zangu ulikuwa usiku mmoja mrefu. Nikakuta imeandikwa kwamba kuku ameangua vifaranga 9, kwamba jirani ametuletea viazi, kwamba tarehe fulani jua lilitoka tangu asubuhi. Mambo hayo yalitokea, nami niliyaona, kwa kuwa mwandiko ni wangu.

Katika pwani hii yetu kuandika wakati wa msiba si jambo geni. Dr. Krapf alifika Mombasa mwezi wa Mei 1844. Juni akaanza kuigeuza Mwanzo kwa Kiswahili. Julai mkewe Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi la mama yule liko Nyali hata leo. Krapf aliendelea kukusanya maneno, na mwaka wa 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikapigwa chapa huko Ujerumani. Watu humsifu kwa elimu yake. Mimi nikifikiri habari za Agosti ya mwaka ule, namwona mtu anayeuliza jina la kila kitu kilichomo nyumbani kwa sababu nyumba imekuwa kimya.

Binti yetu aliandika daftari lake miaka miwili na zaidi. Sweta lilimalizika mwezi wa Agosti, mikono yote miwili, likamfaa hata alipolizidi kwa urefu. Alipokwenda shule ya bweni mwaka wa 2023, alilifunga daftari kwa uzi uliosalia, ule wa damu ya mzee wenye mawimbi, akatia mafundo matatu, akaniambia, "Mama mdogo, nitunzie, lakini usilifungue." Liko juu ya kabati kando ya zile spoku. Huwa nalipangusa vumbi siku ya Jumamosi.