Kuuliza bila kutaka jibu

Sijachoka kubishana. Nimechoka kubishana na mtu ambaye ukimjibu swali, anabadilisha swali.

Jumapili iliyopita, baada ya chapati, mjomba alisema ati Katiba yetu inaruhusu wasichana watoe mimba wapendavyo. Nikatoa simu nikamsomea Kifungu cha 26(4). Kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa kama mhudumu wa afya aliyehitimu ameona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Hapo kuna mengi ya kubishania. Hilo neno "afya" linafika wapi? Nani anaamua hatari? Mtu anaweza kupinga kifungu hicho kwa roho safi. Kwenye kura ya maoni ya Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwaomba waumini wapige La, na kifungu hicho kilikuwa sababu kubwa. Kura zikahesabiwa, Ndio ikapata kama asilimia 67. Huko ndiko kubishana.

Lakini mjomba hakwenda huko. "Kwani mama yako angekutoa, ungekuwa hapa?" Watu wakacheka. Nikajaribu kujibu, akahama: "Wewe hata mtoto huna." Halafu: "Na kwanza, ulipiga kura?"

Hilo la kura sasa ndilo mtego wenyewe. Ukisema hukupiga, unaambiwa nyamaza, huna haki ya kulalamika. Ukisema ulipiga, si ni nyinyi mlimchagua? Vumilieni. Ukisema wako alishindwa, ati una uchungu wa kushindwa. Jibu lolote utakalotoa, mwisho wake ni mmoja: nyamaza.

Sasa niseme ukweli wangu. Nilipokasirika nilimwambia, "Mjomba, wewe ni mwanamume, haya hayakuhusu." Mashangazi wakanipigia makofi. Nilijua kabisa si jibu. Nilitaka tu anyamaze, vile yeye alitaka mimi ninyamaze.

Jioni tukiosha vyombo na binamu yangu, ambaye amepata kitambulisho juzi tu, nikamuuliza atajiandikisha lini kupiga kura. Akasema, "Wacha tu. Mnaongea siku nzima na hakuna mtu anataka kujua kitu."

Hiyo iliniuma kuliko maneno yote ya mjomba. Tulidhani tunapigania nani ameshinda, kumbe kuna mtu alikuwa jikoni anasikiliza, anaamua kama siasa inamfaa.

Kwa hivyo nimejiwekea sheria. Kabla sijauliza mtu swali, najiuliza kwanza: akinijibu vizuri, nitakubali? Kama sitakubali, hilo si swali, ni kofi. Basi ninyamaze.

Jumapili hii narudi kwa mjomba. Nitaanza na "samahani" ya lile neno la mwanamume, halafu nitamuuliza hasa anaogopa nini kwenye kile kifungu. Na safari hii nitasikiliza.

Wewe je, mara ya mwisho kubadilisha maoni yako katikati ya mabishano ilikuwa lini?